Panda Mboga, Usipande Mti

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi tunaisikia methali hii kama kemeo: umekula vya watu siku mbili, sasa inuka ufanye kazi. Tangu nipange nyumba Kiranjeranje nimeanza kuisikia kwa namna nyingine. Jembe ni kibali pia. Anayepewa jembe ameruhusiwa kugusa udongo wa mahali hapo, na si kila mtu huruhusiwa. Ila methali inanyamaza penye jambo gumu zaidi. Haisemi kitakachoota ni cha nani.

Swali hilo linawahusu wengi wa rika langu kuliko tunavyodhani. Tunaishi kwenye nyumba za watu. Tunalipa kodi ya miezi sita mbele, tunaomba ruhusa ya kugongea msumari ukutani, na mkataba ukiisha tunafunga godoro na jiko la gesi juu ya bajaji tunahamia kwingine. Mtu wa namna hii ana sababu gani ya kutoa jasho kwenye ua atakaoukabidhi kwa mwingine?

Kiranjeranje iko wilayani Kilwa, kando ya barabara kuu iendayo Lindi, kusini mwa Nangurukuru. Nilifika Septemba kukusanya data za tasnifu ya uzamili, nikapata nyumba ya vyumba viwili kwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kiwanja cha hatua kama 20 kwa 15 ambacho hakikuwa kimeguswa tangu mpangaji wa mwisho aondoke, misimu miwili nyuma. Majani yalinifika kifuani. Ukoka na ndago vilikuwa vimefuma mkeka mmoja. Kishona nguo kilikuwa kila mahali. Upupu ulikuwa umeupanda mpera mpaka kileleni na kuning'iniza maganda yake makavu, yale ambayo upepo ukiyatikisa unajikuna ukiwa ndani ya nyumba.

Mwenye nyumba anaishi Lindi mjini. Nilipompigia kuomba ruhusa alinijibu kwa sentensi mbili: “Safisha utakavyo. Panda mboga, lakini usipande mti.”

Kijana wa bodaboda aliyenileta na fyekeo kutoka dukani alikuwa na maoni yake. “Unamfyekea mwenye nyumba bure,” alisema. “Ukishang'arisha tu, anapandisha kodi.” Wenzangu chuoni wangesema jambo lile lile kwa grafu: hakuna mwenye akili anayewekeza kwenye mali ambayo faida yake itaangukia mikononi mwa mwingine. Maneno ya mwenye nyumba na ya kijana yule ni pande mbili za swali moja. Mmoja aliogopa jasho langu lisije likanipa mimi haki. Mwingine aliniambia jasho hilo litampa mwingine faida.

Lakini kabla ya kufika kwa mwenye nyumba na mpangaji, kuna mtu wa tatu ambaye mkataba wa pango haumtaji.

Asubuhi niliyopanga kuanza, bibi wa nyumba ya jirani alipita uani kwangu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akalitazama lile fyekeo. “Mjukuu wangu,” alisema, “kabla hujakata, njoo nikuonyeshe.” Tukalizunguka lile pori naye akiwa mbele. Pale kwenye kivuli cha ukuta ulikuwa unaota mlenda na mchunga aliokuwa akichuma mvua zikianza, siku ambazo hela ya mboga haipo. Pale palikuwa na kivumbasi, ambacho watu wa mitaa miwili walikuja kuomba kwa ajili ya mbu na kwa ajili ya mafua. Chini ya kichaka kile kuku wake walikuwa wakitaga. Mapera yalikuwa ya watoto wanaotoka shule. Na katikati ya majani, ambapo mimi nilikuwa nimeona majani tu, kulikuwa na njia nyembamba ya wanawake waendao kisimani, iliyowapunguzia mzunguko mrefu wakiwa na ndoo kichwani.

Nilichokiita pori kilikuwa kimejaa watu. Tangu siku ile nimelitilia shaka neno hilo. Mara nyingi “pori” ni jina ambalo mtu hukipa kitu asichokitumia yeye.

Katika pwani hii tafsiri ya neno hilo si jambo dogo. Mwaka 1895 serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ni mali ya dola. Nani asiye na mwenyewe, waliamua wao. Shamba lililopumzishwa ili lirudishe rutuba, mahali pa kukata miti ya kujengea, malisho, njia: kwa jicho la aliyetoka mbali, vyote hivyo vilifanana na utupu.

Karne mbili kabla yake, Mwingereza John Locke alikuwa ameandika hoja ambayo mwanafunzi yeyote wa falsafa ya siasa hukutana nayo mapema. Kwa ufupi anasema hivi: dunia ni ya wote, lakini mwili wangu ni wangu, na kazi ya mikono yangu ni yangu, nikiichanganya kazi hiyo na kitu kisicho na mwenyewe, kitu hicho kinakuwa changu, mradi niwaachie wengine cha kutosha na kizuri vilevile. Ni hoja inayovutia hasa ukiwa na fyekeo mkononi na malengelenge kiganjani. Lakini ina nyufa mbili. Kwanza, inaanza na kitu kisicho na mwenyewe, na bibi wa jirani angemwambia Locke azunguke naye kwanza. Pili, Locke huyohuyo anasema majani yaliyokatwa na mtumishi wake ni ya kwake yeye Locke. Kumbe jasho halimpi haki kila anayelitoa. Inategemea unalitoa ukiwa nani.

Mafakihi wa Kiislamu walilijua tatizo hili mapema zaidi. Iko hadithi ya Mtume isemayo, kwa maana, kwamba mwenye kuhuisha ardhi iliyokufa basi ni yake. Watu wa pwani wanaijua. Lakini mafakihi hawakuiacha ikae peke yake. Abu Hanifa alishikilia kwamba hata mhuishaji anahitaji idhini ya mtawala; Shafii hakuona haja ya idhini. Na kwa ujumla walikubaliana kwamba eneo linalozunguka makazi ya watu, wanapochunga, wanapookota kuni, wanapopita kwenda kwenye maji, halihesabiwi kuwa limekufa hata kama hakuna aliyelima. Kwa hiyo swali la kwanza la mhuishaji ni swali la uchunguzi: imekufa kweli, au mimi ndiye sijaona inavyoishi?

Kazi yenyewe ilikuwa ya polepole na rahisi kwa mfuko. Nilikuwa nimejiwekea shilingi 30,000, sawa na kodi ya mwezi mmoja, na sikuzimaliza. Fyekeo na jembe lisilo na mpini ndivyo vilivyokula sehemu kubwa. Mpini nilichongewa na fundi wa jirani kwa bei ya soda mbili. Panga na reki niliazima. Kuhusu upupu, bibi alinifundisha nisubiri umande. Alfajiri vinyweleo vinakuwa vimelowa na havipeperuki, hivyo nilivaa suruali mbili, nikajifunga kanga usoni, nikavuta mashina taratibu na kujipaka majivu mikononi kila nilipomaliza. Siku nne za alfajiri upupu ukawa umekwisha.

Sikuchoma moto. Majani niliyofyeka niliyaacha yakauke nikayatandaza juu ya matuta, yakanisaidia kutunza unyevu na kuzuia ndago kwa kiasi, ingawa ndago hamalizwi na mtu, unakubaliana nayo. Samadi ya mbuzi niliipata bure kwa sharti la kuisomba mwenyewe. Mbegu za mchicha na bamia zilinigharimu hela kidogo sokoni. Kunde zilitoka kwenye mfuko wa jikoni. Matembele nilipewa vipande na bibi, na mhogo nikapewa pingili na mtu aliyekuwa anavuna wake. Mpaka mvua zilipoanza Desemba, maji ya kuoshea vyombo yalikuwa ndiyo maji ya bustani.

Njia ya kisimani niliiacha, nikaipanua kidogo. Kivumbasi niliacha. Kona ya mlenda na mchunga niliipalilia nyasi na kuacha mboga zenyewe. Ukilitazama kwa jicho la mgeni, ni bustani iliyosafishwa nusu. Mimi naona imesafishwa kiasi kinachostahili.

Sasa turudi kwenye mti. Kwa nini mboga ndiyo, mti hapana?

Nilimuuliza bibi, naye akanijibu bila kufikiri: “Mti ni shahidi.” Mchicha unaliwa ndani ya mwezi na hakuna anayeukumbuka. Mti unasimama miaka arobaini ukimtaja aliyeupanda. Katika migogoro ya ardhi vijijini, wazee wa baraza huuliza nani alipanda mwembe ule, nani alipanda minazi ile. Mgeni anayepanda mti amesema jambo zito bila kufungua mdomo. Kwa hiyo desturi ya mgeni kulima mazao ya msimu na kuachana na miti imeenea sehemu nyingi za nchi hii, na mwenye nyumba wangu hakuibuni.

Hekima ya desturi hiyo imekomaa zaidi kwenye visiwa vya jirani. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa Mafia miaka ya 1960, alikuta watu wanaomiliki minazi mmoja mmoja juu ya ardhi ambayo ni ya ukoo. Unguja na Pemba pia mti unaweza kuwa na mwenyewe na udongo ukawa na mwingine. Yaani wazee wa pwani walishakataa zamani wazo kwamba kitu kimoja lazima kiwe na mwenyewe mmoja. Walijua kwamba mnazi una haki zake, kivuli chake kina haki zake, na ardhi chini yake ina za kwake.

Na kusini huku tunajua pia mti unavyotoa ushahidi wa kuumiza. Ukipita porini Kilwa na kukuta miembe mikubwa imesimama pamoja mahali pasipo na nyumba, umefika kwenye mahame: palikuwa na watu hapa. Kati ya 1973 na 1976 Operesheni Vijiji ilihamisha mamilioni ya Watanzania kwenda kwenye vijiji vya pamoja. Wahamishwaji waliweza kubeba vyungu na milango. Hawakuweza kubeba mikorosho. Msimu wa 1973/74 nchi ilikusanya zaidi ya tani 140,000 za korosho, nyingi kutoka mikoa ya kusini. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa chini ya tani 20,000. Bei ndogo na ugonjwa wa ubwiri unga vilichangia, lakini umbali kati ya mkulima na miti yake ulichangia pia. Mti usiotunzwa na aliyeupanda hurudi kuwa pori, na miti ile ilikuwa na wenyewe, walio hai, wanaojulikana kwa majina.

Kwa hiyo namwelewa mwenye nyumba. Lakini ninapomwelewa ndipo ninapogundua kwamba yeye na mimi hatuko mbali sana.

Mwaka 1958, Uingereza ikiwa bado inatawala Tanganyika, Julius Nyerere aliandika kijitabu kiitwacho Mali ya Taifa, akipinga mpango wa kuruhusu ardhi kumilikiwa moja kwa moja na mtu binafsi. Hoja yake inaanza kama ya Locke kisha inakata kona. Ardhi ni zawadi ya Mungu, anasema, na juhudi yangu ya kufyeka inanipa haki. Lakini kilicho changu si ardhi, ni ule ufyekaji wangu, na unabaki wangu kwa muda ninaoendelea kuifanyia kazi ardhi hiyo. Mwaka 1963 serikali huru ilifuta umiliki wa moja kwa moja na kuugeuza kuwa ukodishaji kutoka serikalini. Na Sheria ya Ardhi Na. 4 pamoja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zinasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na iko chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mtu anapewa haki ya kuitumia: kwa hati, miaka isiyozidi 99, kwa haki ya kimila kijijini, hata bila ukomo.

Ukiisoma sheria hiyo ukiwa umekaa juu ya ndoo kwenye ua wa kupanga, inakuchekesha kidogo. Mwenye nyumba ni mpangaji mwenye mkataba mrefu. Mimi ni mpangaji wa mpangaji. Hakuna hata mmoja wetu atakayekabidhi kiwanja hiki kikiwa chake milele. Swali langu la “kwa nini nitunze kisicho changu” haliwahusu vijana wa vyumba vya kupanga peke yao. Linamhusu kila anayelima katika nchi hii.

Machi, mwenye nyumba alikuja. Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri, mhogo ulikuwa umenyanyuka, kunde zilikuwa zimetambaa hadi mlangoni. Alizunguka, akafurahi, akanishukuru kwa moyo kabisa. Kisha akasema, kama mtu anayekupa habari njema, kwamba mpangaji atakayekuja baada yangu atatoa 45,000.

Kijana wa bodaboda alikuwa amesema kweli, ila alikosea jambo moja. Atakayeumia si mimi. Ni mpangaji ajaye, huenda mwalimu mpya au muuguzi mwenye mshahara wa kwanza, atakayelipa 15,000 zaidi kila mwezi kwa sababu mimi niliamka alfajiri kung'oa upupu. Wema wangu kwa udongo ulikuwa umegeuzwa kuwa mzigo kwa mtu nisiyemjua.

Hapa ndipo mawazo mazuri kuhusu kutunza huishiwa pumzi. Ni rahisi kusema tutunze kila mahali tunapopita, mkono wa kushoto usijue unachotoa wa kulia. Mtume amefundisha kwamba mwenye kupanda mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, basi anahesabiwa sadaka. Ninaliamini hilo. Lakini sadaka ni ya ndege na mpita njia. Haikuwekwa ili mwenye mali aifanye kuwa njia ya kupata kazi bila kulipa. Jirani zangu wa Kilwa wana kumbukumbu ndefu juu ya jambo hili: Julai 1905, huko Nandete kwenye vilima vya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba kwenye shamba walilolazimishwa kulima kwa ujira usio na maana, na vita vya Majimaji vikaanza. Walioing'oa hawakuwa wavivu wa jembe. Walikuwa wakulima. Walikataa kazi yao kumegwa bila wao kuwa na neno.

Ua wangu si Nandete na mwenye nyumba wangu si mkoloni. Aliweka bati, saruji na mlango kwa hela yake, na aliniruhusu. Lakini neno hilo, “kuwa na neno”, ndilo nililokuwa nikilitafuta tangu Septemba. Jasho kwenye ardhi ya mwingine halinipi umiliki, na nadhani halipaswi kunipa, maana kama lingenipa, kila mwenye fyekeo angekuwa mnyang'anyi wa kesho. Linachonipa ni neno: haki ya kusikilizwa kuhusu mahali hapo patatumikaje na nani atafaidi. Na neno hilo halikuwa langu peke yangu. Nilikuwa nimelima juu ya njia za watu na mboga za watu, kwa hiyo niliposema ilinibidi niwasemee na wao.

Nilimwomba mambo mawili. La kwanza, njia ya kisimani, kona ya mboga za bibi na mapera ya watoto vibaki hata akija mpangaji anayetaka uzio. Alikubali papo hapo, tena akashangaa kwa nini namwomba. “Bi mkubwa huyu nilimkuta hapa,” alisema. “Nani amzuie?” La pili, kodi isipande kwa mwaka wa kwanza wa mpangaji ajaye, kwa kuwa kazi iliyopendezesha ua haikumgharimu yeye kitu. Hapo alicheka, akanipiga begani, akasema, “Tutaona.”

“Tutaona” si ahadi. Lakini nimeandika ombi hilo kwenye karatasi, tumeweka sahihi kwamba lilitolewa, na nakala moja anayo bibi. Ningependa wapangaji wenzangu wafanye hivyo mapema kuliko mimi: kabla ya fyekeo la kwanza, mkae na mwenye nyumba mkubaliane kazi hiyo inahesabiwaje. Mwezi mmoja upunguzwe, au kodi isimame mwaka mzima, au angalau anayekuja aambiwe ua ulisafishwa na nani. Sheria ya ardhi inatambua thamani ya maendelezo aliyoyafanya mwenye haki juu ya ardhi. Makubaliano ya watu wawili yanaweza kutambua matuta ya mchicha.

Na amri ile ya kutopanda mti sasa sina kinyongo nayo. Mboga zina fadhila ambayo mti hauna: haziachi dai, zinaacha mbegu. Matembele ambayo bibi alinipa vipande vitatu yamejaa hadi nimemrudishia mafungu, naye amewagawia watu wawili upande wa pili wa barabara. Mhogo utavunwa na nitakayemkabidhi funguo. Kunde nimekausha, nimejaza chupa ya maji ya nusu lita, na nitakwenda nayo nitakakopanga tena.